Spika Ikilia, Pandeni

Kazi yangu ni kuratibu. Neno hilo nimelieleza mara nyingi mpaka linanikera. Watu wakisikia niko ofisi ya maafa hudhani nina mashua uani, nina magunia ya unga ghalani, pengine na ndege ya kutua juu ya mapaa. Sina. Nina meza, simu mbili, ramani ukutani na daftari la namba za watu. Maji yakija, mimi humpigia mwenye mashua, nikampigia daktari, nikampigia mtu wa barabara, nikampigia chifu, nikahakikisha kila mmoja anajua mwenziwe yuko wapi. Ukiniuliza nimebeba nini kwa mikono yangu miaka yote hii, nitakwambia nimebeba simu.

Na nilikuwa najivuna. Nalisema mapema ili mtu asidhani kwamba nilianza kazi hii na unyenyekevu nilio nao leo. Ofisi yetu iko juu, mjini Kwale, kwenye ubaridi wa asubuhi, na mle ndani mimi peke yangu ndiye niliyezaliwa bondeni kabisa, kule mto Umba unapokaribia bahari, ukishaipita Lunga Lunga. Wenzangu waliijua sehemu ile kwa ramani. Mimi naijua kwa miguu.

Nieleze kijiji kilivyo, maana mambo yote yalitokana na hapo. Nyumba na msikiti ziko chini, kando ya mto. Ukitoka nyumbani unaingia bonde la mpunga. Ukilivuka bonde, ardhi inapanda, mchanga unakuwa mwekundu, na huko juu ndiko kwenye mashamba ya mihogo na mikorosho, na shule ya msingi. Njia ni moja, tuta jembamba linalokata mpunga katikati. Watu wawili wakikutana pale, mmoja husimama pembeni mwenziwe apite.

Mto wenyewe una tabia mbaya. Unatoka milimani, upande wa Tanzania, na mvua inayotudhuru si mvua yetu. Inapiga kule, huku kwetu jua linawaka, nguo ziko kambani, hakuna ajuaye lolote. Halafu maji yanakuja chini ya anga safi. Ndiyo sababu ofisi ilimtafuta mtu ng'ambo ya mpaka, mlinzi wa shamba moja karibu na daraja, na kila asubuhi huenda akatazama nguzo ya mtoni iliyopakwa rangi nyekundu, kisha hutupigia. Tulimwita mtu wa darajani. Uso wake sijauona mpaka leo. Maji yakiifunika rangi kwake asubuhi, adhuhuri yako kwetu.

Aliyenilea ni mama mdogo. Mama yangu mzazi alikufa sijaota meno ya utu uzima, na mdogo wake akanichukua, naye hakujaliwa mtoto wa tumbo lake. Nilimwita Mama na sikumwita kwa jina jingine. Alikuwa mwosha. Mwanamke akifa kijijini kwetu, Mama ndiye aliyemwosha na kumvika sanda, na vitu vyake vya kazi alivitia katika kopo la zamani la biskuti: karafuu maiti, pamba, udi, kipande cha sabuni. Nyumba yetu ilinukia karafuu maiti mpaka ndani ya mto wa kulalia. Nilipokwenda shule ya bweni wenzangu walinikimbia wiki ya kwanza kwa ajili ya harufu hiyo.

Sasa, kwetu spika ya msikiti ikilia nje ya wakati wa sala, maana yake ni moja tu: kuna aliyekufa. Mtu hangoji kusikia jina. Na hata akingoja, ukiwa shambani maneno hayafiki, upepo unayakatakata, unasikia sauti ya mwadhini tu. Unaweka jembe chini, unashuka. Asiyeshuka atasemwa mpaka naye afe. Mama alikuwa wa kwanza kila mara, kopo kwapani, kwa sababu kopo alikwenda nalo hata shambani.

Haja yake duniani ilikuwa moja. Nyumba nzuri hakutaka, safari ya kuhiji Maka alikuwa ameshaikatia tamaa. Alitaka siku yake watu waje. Alikuwa akinisimulia kama mtu anayesimulia harusi. "Mimi sikuzaa," husema, "lakini hakuna nyumba hapa sijamwosha mtu wake. Siku yangu watajaa mpaka ua uelemewe. Wewe utakosa pa kukaa, utakaa na kuku." Kisha hucheka, na mimi namwambia, "Mama, acha maneno hayo, unanitia baridi." Hakuacha.

Basi, mwaka ule tulikaa mkutanoni kuzungumzia vipi onyo litawafikia watu wa bondeni. Walikuwapo watu wa hali ya hewa, polisi, watu wa afya, watu wa misaada, na maji ya chupa mezani. Ujumbe wa simu haufai, mkulima haendi na simu shambani, akienda nayo mtandao hamna. Pikipiki ya chifu haipiti kwenye tuta. Wakavutana mpaka chai ikapoa. Mimi nikanyoosha mkono. Nikasema, spika ya msikiti. Inasikika kila mahali, hata mashambani, mimi nimekulia pale, naijua.

Mkubwa wangu akapiga meza kwa furaha. "Mnaona faida ya kuwa na mwenyeji?" Wote wakaandika. Nilirudi nyumbani siku ile nimevimba kichwa, nikampigia Mama kumwambia. Aliniuliza jambo moja tu, "Na mwadhini ameambiwa?" Nikasema ataambiwa. Wala mimi wala yeye, hakuna aliyewaza zaidi ya hapo. Haki ya Mungu, watu wawili tuliokula na kulala na mila ile, hatukuiona.

Mvua za milimani zikaja. Asubuhi moja mtu wa darajani akapiga, na hakusalimu vizuri kama kawaida yake. Alisema, "Dada, rangi siioni tena."

Kwa utaratibu, onyo kwa wananchi halitoki bila neno la mkubwa. Mkubwa alikuwa Diani, katika hoteli, kwenye semina ya kujiandaa na majanga. Msicheke. Simu ilikuwa imezimwa sauti. Nilipiga mpaka kidole kikauma, nikampata walipotoka kunywa chai, na muda wote ule maji yalikuwa njiani. Akasema, "Toa onyo." Nikampigia mwadhini. Mzee wa watu akafanya barabara kabisa, nilimsikia kwa simu akisema maneno niliyomwandikia: maji yanakuja, tokeni bondeni, pandeni shuleni. Aliyarudia mara tatu. Nikachoma pini nyekundu kwenye ramani, nikaandika katika daftari kwamba onyo limetolewa, nikamimina chai.

Nikampigia Mama. Haikupokelewa. Nikajiambia, yuko shambani, alhamdulillahi, leo yuko juu.

Kikombe kilikuwa mdomoni neno hilo lilipogeuka. Yuko shambani. Amesikia spika. Na si wakati wa sala.

Sijui kama nilipiga kelele. Wenzangu wanasema nilisimama tu. Nikampigia mwadhini, hapatikani, ameshakimbia kama nilivyomwagiza. Nikampigia chifu, naye yuko upande mwingine na watu wake. Nikapiga kila namba ya kijiji iliyokuwa katika daftari lile na zote zilikuwa zinakimbia au zimelala ndani ya nyumba tupu. Kutoka Kwale mpaka kwetu si karibu. Nilikaa juu ya kilima na simu zangu mbili, na jua lilikuwa limewaka, zuri kabisa.

Yaliyotokea nilisimuliwa baadaye, na kila mtu alisimulia yale yale. Walio nyumbani, waliosikia maneno, walitoka kwenda juu. Walio mashambani, waliosikia sauti tu, waliweka majembe wakashuka. Wakakutana katikati ya mpunga, kwenye tuta. Wa juu wakauliza, "Nani amekufa?" Wa chini wakasema, "Hakuna aliyekufa, rudini!" Lakini nani kwetu anasikia spika kisha akubali kwamba hakuna aliyekufa? Walidhani wanafichwa, kwamba aliyekufa ni wa kwao na wa chini hawataki kuwaambia njiani. Wanawake wakaanza kulia palepale na kusukuma wapite. Wenye watoto mgongoni, wenye magodoro kichwani, wote kwenye njia isiyotosha watu wawili. Maji yaliwakuta wamesimama wanabishana.

Wengi walinusurika. Mama alikuwa mbele ya wote wa mashambani, alikuwa ameshaikaribia nyumba, akaona mpunga unalala. Aliparamia dungu, lile jukwaa la miti wanalokaa watoto kuamia ndege. Alikaa pale mpaka Alasiri, maji yakipita chini ya miguu yake, kopo mapajani. Jirani yetu, mke wa fundi baiskeli, alikuwa anashuka naye amemshika binti yake mkono. Mkono ulimponyoka. Binti alikuwa darasa la pili.

Nilifika kesho yake na gari la ofisi. Nilimkuta Mama anatoka nyumba ya jirani, mikono imekunjamana kwa maji. Nilimshikilia nikalia kama mtoto. Hakunisukuma, lakini hakunibembeleza pia. Alisema, "Nilishuka kuosha, mwanangu. Basi nimeosha."

Jirani hakunisema. Heri angenitukana. Alinitazama tu, akaingia ndani.

Baada ya hapo nikawa mkali. Nilijua kosa liko wapi na nilitaka kulikata mzizi. Nilirudi kijijini mara nyingi, na watu wa misaada na vitabu vyao vya picha, tukafanya mazoezi mpaka watu wakatuchoka. Kanuni ilikuwa fupi: spika ikilia nje ya wakati wa sala, msisikilize maneno, msiulize nani, pandeni shuleni. Aliye juu abaki juu. Wakifika, wakae kwa nyumba zao, kila nyumba mstari wake, wahesabiwe. Vifo visitangazwe kwa spika tena, wapelekwe vijana wa baiskeli nyumba kwa nyumba. Na la mwisho, nililolitia vichwani mwao kwa ukali: asishuke mtu mpaka ofisi imempigia mtu wa darajani na kusikia kwa masikio yake kwamba njia ni salama. Namba yake tuliipaka kwa rangi kwenye ukuta wa darasa. "Mtu akiwaambia shukeni," nilisema, "muulizeni kwanza, umempigia mtu wa darajani? Awe chifu, muulizeni. Niwe mimi, niulizeni."

Wazee walinung'unika. Kufa bila spika, walisema, ni kufa kama mbuzi. Sikuwasikiliza. Niliwaambia maneno makali ambayo mtoto wa pale hakupaswa kuwaambia wazee wake, na walinivumilia kwa sababu walijua nini kinanisukuma.

Mama alihudhuria mazoezi yote, amekaa mbele, kopo kwapani. Siku moja akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Mwalimu, nina swali." Watu wakaanza kucheka kabla hajasema. "Na siku yangu mimi, watakwenda wapi?"

"Wewe hufi leo," nikamjibu.

"Leo sifi. Siku hiyo je? Mimi niko chini nimelala, watu wangu wote wako juu wamekaa mistari. Nani ataujaza ua?"

Uwanja mzima ulicheka. Nami nilicheka, nikasema tumeshaandika barua ya kuomba king'ora, kikija kitakuwa cha maji peke yake na spika itarudi kazini kwake. Barua ile niliiandika kweli. Ilitoka meza moja ikaenda nyingine, ikarudi kuomba muhuri, ikaenda tena. Nilimwahidi king'ora kila nilipokuja. Mwisho akawa haulizi, ananiambia tu, "Salimia king'ora chako."

Aliugua kifua mwaka uliofuata, mvua za milimani zilipoanza tena. Nilichukua likizo nikaja kukaa naye. Wiki ile yote ukitazama upande wa mpakani uliona wingu jeusi limekaa juu ya milima, halisogei. Watu wa kijiji walikuwa wanalitazama wakienda, wanalitazama wakirudi, hawasemi. Jirani yetu alikuwa ameacha kabisa kulala bondeni, alikuwa amejengewa kibanda juu karibu na shule, na mchana hushuka kwa nadra. Mama alifariki asubuhi, jua limeshatoka, mkono wake ndani ya mkono wangu. Hakusema neno la mwisho la kukumbukwa. Aliomba maji, akanywa kidogo, akalala.

Mwadhini alikuja kabla sijamaliza kumfunga kidevu. Alisimama mlangoni, mzee mzima analia. Akanipa pole kwa taratibu zake zote, kisha akasema, "Mwanangu, kanuni ni yako. Nakuuliza wewe. Huyu naye tumtangaze kwa baiskeli?"

Nilijua jibu. Hakuna aliyelijua kuliko mimi. Lakini nilitazama ule ua, mtupu, kuku wawili wanachakura, nikakumbuka maneno yake yote. Nikawaza, watasikia jina lake. Wakisikia ni yeye, watajua. Kwa huyu mmoja watajua. Nikamwambia mwadhini, "Tangaza kwa spika."

Akatangaza. Sauti yake ilipasuka kwenye jina. Mimi nikatandika mikeka uani, yote tuliyokuwa nayo, nikaazima mingine kwa jirani wa upande wa pili. Nikakaa.

Nilisikia miguu inapita nje, mingi, upesi. Nikasema, hao wanakuja. Miguu ikapita. Nikasikia mtoto analia na mtu anamkemea, twende, twende. Kisha kijiji kikanyamaza. Sijawahi kusikia kimya kama kile mchana. Walikuja wanawake wanne, wale ambao nyumba zao zinagusana na msikiti na waliosikia jina. Wanaume hawakutimia hata wa kubeba jeneza kwa zamu. Yule mkubwa kati ya wale wanne akanishika bega akasema taratibu, "Wamepanda, mwanangu. Ulivyowafundisha."

Ya Rabi. Niliachia kila kitu, nikatoka mbio kwenye tuta lile, peku, leso inaniponyoka. Pande zote mpunga umesimama kijani, na mbele wingu lile lile liko mlimani.

Walikuwa uwanja wa shule. Wote. Wa nyumbani walikuwa wamepanda, wa mashambani walikuwa wamebaki juu, na walikuwa wamekaa mistari, kila nyumba mstari wake, mabunda miguuni, mwalimu mkuu anapita na karatasi anahesabu. Yalikuwa mazoezi mazuri kuliko yote niliyowahi kuyasimamia. Waliponiona walinyamaza wakingoja niwaambie maji yamefika wapi.

Nikasema, "Si maji. Ni Mama."

Walilia, nisiwadhulumu. Kilio kilipanda uwanja mzima. Lakini hakuna aliyeinuka. Walitazama mlima, wakanitazama mimi, wakatazama tuta. Nikasema, "Twendeni. Shukeni. Hakuna maji leo."

Hapo ndipo jirani yetu alipoinuka, yule mke wa fundi baiskeli. Hakupaza sauti. Aliniuliza, "Umempigia mtu wa darajani?"

Simu yangu ilikuwa nyumbani, juu ya kabati. Namba ilikuwa ukutani nyuma yake, kubwa, kwa rangi niliyoichagua mwenyewe. Ningeweza kuazima simu ya mwalimu. Sikuazima. Nilitazama wingu lile nikaogopa jibu. Nikaogopa aniambie rangi haionekani, kisha Mama alale pale peke yake na mikeka mitupu. Basi nikasema, "Nimempigia."

"Amesemaje?"

"Amesema ni salama."

Mimi, mtu wa ofisi ya maafa. Watu wakainuka. Waliniamini kwa sababu nilikuwa nimewafundisha kuniamini baada ya swali hilo. Walishuka kwenye tuta kwa mstari mmoja, wazee, watoto, wote, na mimi nikawa nyuma nawahimiza, upesi, jua linapanda, maiti hangoji. Jirani peke yake alikaa chini tena mahali pake. "Mimi safari ile nilishuka kwa spika," alisema. "Nisamehe. Sishuki."

Ua ulijaa, ukaelemewa kama alivyosema. Walisimama mpaka barabarani. Wanawake wanne wale walimwosha, nami nikiwapa maji na kushika nilipoambiwa nishike, na kila nilipoinama nilikuwa nasikiliza upande wa mto. Mtu akiangusha sufuria, nageuka. Mtoto akipiga kelele nje, nasimama. Walidhani ni uchungu. Nilifungua kopo lake, nikatoa karafuu maiti, nikageuka kusikiliza nje, nikamwaga nusu sakafuni. Wakamvika, wanaume wakamswalia, wakaondoka na jeneza. Makaburi yetu yako chini kuliko msikiti, pale mto unapokunja. Kila mwanamume wa kijiji kile alikwenda huko, kwa neno langu.

Ndipo nikakumbuka simu. Niliikuta juu ya kabati chini ya leso. Mtu wa darajani alikuwa amepiga mara nne.

Nilitoka nayo nyuma ya nyumba. Nikapiga, ikaita, ikaita, na mimi nimekazia macho njia ya makaburini nikiwahesabu watu wote ambao nisingeweza kuwafikia. Kisha akapokea.

"Assalamu alaikum, dada. Pole sana, pole sana kwa msiba. Nimepiga ofisini asubuhi, wenzako wakanipa habari. Nikasema haifai nikutumie pole kwa watu wengine, wacha nikupigie mwenyewe."

"Maji," nikasema. "Maji yako wapi?"

"Maji? Yako chini ya rangi, dada, mbali kabisa. Wingu hili linatisha bure."

Nilikaa kwenye mchanga pale pale nikaanza kulia kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ninayo. Wanawake wakaja mbio, wakanikumbatia, wakasema lia mama, lia, ndiyo kwanza msiba unakuingia. Niliwaacha waamini hivyo.

Jirani alishuka baada ya sala ya Alasiri. Wengi walikuwa wameshatawanyika, mikeka ina nafasi. Alivua viatu, akanipa mkono wa pole, akakaa ubavuni kwangu. Kisha akasema, kwa sauti ya mimi peke yangu kusikia, "Nimempigia mtu wa darajani. Namba si iko ukutani? Nimemuuliza umempigia saa ngapi leo. Ameniambia saa, na saa ile jeneza lilikuwa limeshatoka."

Nilisubiri anitangaze mbele ya watu, na angenitangaza ningenyamaza, maana alikuwa na haki. Alitazama mlangoni, akaliona kopo la biskuti sakafuni, kifuniko kando, karafuu maiti imemwagika. Akainuka, akapiga magoti, akaanza kuizoa chembe moja moja kuirudisha ndani. Mama ndiye aliyemwoshea binti yake. Alipomaliza alifunga kifuniko kwa kiganja, akalitia kopo kwapani.

"Hili nitakaa nalo mimi," akasema. "Wewe rudi kwenye simu zako. Na safari nyingine, piga kwanza."

Nikamwambia nitapiga.